Utando Kutoka Wodi ya Wazazi

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na hata binti yake wa pekee, aliyeolewa mbali, alipopiga simu alianza kwa "Shikamoo Mama Povu" ndipo acheke. Alikuwa mtengeneza sabuni. Alianza na beseni moja jikoni, akaishia na banda la mabati nyuma ya nyumba, pipa la mafuta ya mawese, visanduku vya mbao vya kugandishia, na waya wa gitaa wa kukatia miche. Waya huo alipewa na mpiga gitaa mmoja mlevi aliyeshindwa kulipia sabuni. Alipokata, alifumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege kwa manati, na miche ikatoka sawa kana kwamba imepimwa. Mteja akibishana bei, alimjibu, "Sabuni yangu haibembelezi mtu, inatakatisha. Anayetaka kubembelezwa arudi kwa mama yake."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mrefu, mpole, asiye na papara, na watu walimbandika jina la Taratibu. Alikuwa na kibanda chake barabarani, mbele ya nyumba. Aliweza kumaliza asubuhi nzima akinyoosha rimu moja: analizungusha gurudumu, analitazama, anakaza spoku moja, analizungusha tena. Mkewe alikuwa akisema ukimtuma chumvi ya mboga ya mchana, utaitia kwenye mboga ya jioni. Waliishi hivyo miaka mingi, mmoja akikimbia na mwingine akitembea, na ajabu ni kwamba walifika pamoja. Banda la sabuni halikuwa la Taratibu. Hakuingia humo ila kuomba kipande cha kunawia grisi.

Siku aliyoingia kusaidia ndiyo siku yenyewe.

Shule moja ya bweni ilikuwa imeagiza sabuni nyingi, na mgongo wa Mama Povu ulikuwa umemkaba hata kuinua ndoo akawa hawezi. Akamwita mumewe. "Njoo, mume wangu, leo nawe ukimbie japo mara moja tangu unioe." Taratibu akacheka, akavua kofia, akaingia. Alitaka kumfurahisha. Watu waliomlaumu baadaye hawakulifikiria hilo, kwamba siku hiyo alikuwa na furaha ya kuitwa.

Sabuni ya aina ile hupikwa kwa kostiki, unga mweupe unaokula mafuta, unaokula ngozi, unaokula chochote. Kila anayeishika anajua kanuni moja hata kama hajui kusoma: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Maji hayatiwi kwenye kostiki. Mama Povu alikuwa ameshapima unga ndani ya ndoo na ameweka maji kando kwenye dumu. Akainama kuokota mwiko ulioanguka, uso wake ukawa juu ya ndoo. Taratibu akaona ndoo, akaona dumu, akakumbuka kwamba ameambiwa afanye haraka. Akainua dumu na kumimina.

Ndoo ilinguruma. Ule mchanganyiko ulichemka papo hapo na kuruka juu, na Mama Povu aliupokea kwa macho yote mawili.

Ukelele wake uliwatoa majirani. Wa kwanza kufika alikuwa dada yake mkubwa, aliyekaa nyumba ya pili, mwanamke aliyelea wadogo zake wote na ambaye hajawahi kukosa dawa ya jambo lolote. Alimkuta Taratibu amemwekea mkewe goti kifuani ili asijipinde, kwa mkono mmoja amemfunua kope kwa nguvu, kwa mkono wa pili anammiminia maji.

"Basi, basi, utamzamisha!" dada akafoka. "Mpakeni mafuta. Leteni mafuta ya nazi, au asali."

"Hapana. Maji," Taratibu akasema.

"Wewe ndiye uliyemuunguza, halafu unanifundisha?"

"Dada, toka."

Hakuwahi kumwambia shemeji yake neno kama hilo. Dada alirudi nyuma kana kwamba amepigwa kofi. Taratibu akaendelea. Aliyamaliza maji yaliyobaki kwenye dumu, akamaliza ya pipa la mvua, na gari la jirani lilipoletwa akaingia na ndoo mbili, akaendelea kummiminia njia nzima mpaka viti vikalowa na dereva akawa anaendesha huku anasikitika kwa sauti. Mama Povu alikuwa akimpiga ngumi, akimng'ata mkono, akimwita muuaji. Yeye alimshika tu kope na kumimina.

Hospitali ilikuwa kubwa, ya majengo marefu ya ghorofa moja yaliyounganishwa kwa baraza ndefu zenye mabati. Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, asiyependa maneno mengi. Naye aliosha, kwa chupa za dripu moja baada ya nyingine, huku akigusisha jicho kwa karatasi ndogo inayobadilika rangi ikikuta kostiki na kusema, "Bado. Bado. Bado." Alipomaliza alikaa kwenye kiti kidogo na kuwaambia ukweli bila kuupamba.

"Jicho la kulia limeungua vibaya sana. Sitaki kuwapa tumaini ambalo sina. La kushoto limeungua pia, lakini si lote. Lililobaki, limebaki kwa sababu ya maji. Nani alimwosha nyumbani?"

Dada mtu akageukia dirisha. Taratibu akakamua shati lililolowa. Daktari akaandika na kuondoka.

Wakamlaza kitanda cha mwisho, karibu na mlango unaotoka barazani. Maumivu ya macho hayafanani na mengine. Hayana mahali pa kuyakimbilia, kwa sababu hata ukilala yamo ndani ya usingizi. Kila asubuhi daktari alimfunua vifuniko vya macho, akampitisha kijiti cha kioo chenye dawa chini ya kope, huku na huku, ili nyama iliyoungua ya kope isiote na kushikamana na jicho. Mama Povu alijifunza kuzitambua nyayo za daktari tangu barazani, na akizisikia alishika vyuma vya kitanda kabla hajaguswa. Vifuniko vikiondolewa, hakuona kitu ila weupe, kama mtu aliyezamishwa kichwa kwenye maziwa.

Taratibu alipoleta uji siku ya kwanza, alimjua kwa harufu ya grisi.

"Huyo mtu asinilishe."

"Mke wangu..."

"Dada, mwambie huyo mtu aondoke. Nimemwita anisaidie kazi, amenimalizia kazi yote."

Taratibu akamkabidhi shemeji bakuli, akatoka. Hakwenda nyumbani. Alikaa sakafuni barazani, nje ya mlango, akiegemea ukuta, na hapo ndipo alipokaa siku zilizofuata. Kibanda chake kilifungwa. Baiskeli za watu zilining'inia humo bila magurudumu. Dada ndiye aliyemlisha mgonjwa, na kila kijiko aliwekea neno. Mwanamume gani huyu. Nilikwambia tangu ujana wako. Mtu asiyejua hata kuchemsha maji. Mama Povu alimeza uji pamoja na maneno, na vyote vikamkalia kifuani.

Juma likapita. Daktari akaja mchana, si asubuhi, na Mama Povu akajua kuna jambo.

"Mama, nisikilize vizuri," daktari akasema. "Juu ya kioo cha jicho kuna ngozi nyembamba sana, inayojiotesha kila siku. Chembe zinazoiotesha hukaa pembezoni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Jicho lako la kulia chembe hizo zimekufa. La kushoto zimebaki upande mmoja. Zinataka kuota, lakini zikitambaa hazipati pa kushika, kwa sababu pote pana kidonda. Jicho lisipofunikwa karibuni litajifunika lenyewe kwa kovu na mishipa ya damu. Hapo sitakuwa na la kufanya."

"Lifunike basi," Mama Povu akasema.

"Linafunikwa kwa utando. Ule utando laini unaomzunguka mtoto tumboni, unaotoka pamoja na kondo la nyuma. Unasafishwa, unatandazwa juu ya jicho, unashonewa. Hauna mishipa, mwili haugombani nao. Unatuliza uvimbe, na zile chembe zilizobaki hutambaa juu yake kama mmea kwenye uchanja. Baadaye wenyewe huyeyuka."

Dada mtu akashika kichwa. "Kondo? Machoni?"

"Tulikuwa na akiba yake," daktari akaendelea kana kwamba hakusikia. "Jokofu likaharibika, ikaoza yote. Tumeagiza nyingine, lakini itachelewa. Kwa hiyo tunahitaji mama anayejifungua kwa upasuaji, mwenye afya, aliyepimwa damu, na aliyekubali kwa hiari yake. Mkunga mkuu anawauliza. Tusubiri."

Walisubiri. Mkunga mkuu aliuliza mama wa kwanza, akakataa. Wa pili alikubali asubuhi, mumewe alipokuja mchana akakataa kwa niaba yake. Wa tatu aligeuza uso ukutani tu. Hakuna aliyewalaumu. Mtu anayekwenda kupasuliwa tumbo ana hofu zake za kutosha. Ukimwongezea habari za macho ya mtu asiyemjua, atakimbia. Na kila asubuhi daktari alipomaliza kupitisha kile kijiti alilitazama jicho la kushoto kwa tochi muda mrefu zaidi kuliko jana yake.

Mchana mmoja Mama Povu alimwuliza dada yake dirisha la wodi liko juu kiasi gani kutoka chini.

Dada akatazama. "Si juu. Tuko chini kabisa. Nje pana kamba ya mashuka."

"Hata hilo nimenyimwa," Mama Povu akasema.

Dada yake hakujua kama ule ni mzaha. Alimtazama mdogo wake, mdomo aliouzoea kwa vicheko, sasa umekauka na kupasuka, akaondoka kwenda kulia chooni. Kwa hiyo Mama Povu alikuwa peke yake zilipoanza kelele.

Zilitoka mwisho wa baraza, upande wa wodi ya wazazi. Kwanza sauti za wanawake, kisha za wanaume, kisha mlio wa benchi lililopinduka. Katikati ya kelele akasikia neno "mchawi," na baada ya neno hilo akasikia sauti moja ya polepole, inayojaribu kueleza jambo kwa mpangilio huku inakatizwa kila baada ya maneno mawili. Sauti hiyo angeitambua hata kaburini.

Ilikuwa hivi. Taratibu, pale sakafuni barazani, alikuwa amesikia kila alichosema daktari, na kila siku aliona mkunga akija kutikisa kichwa. Mwenye shida haoni haya. Siku hiyo aliinuka, akajipangusa vumbi, akatembea mpaka wodi ya wazazi saa ya kutazama wagonjwa, mikono yake imeshikana mbele kama mtu anayeingia msibani. Akaanza benchi la kwanza. "Samahanini, mama zangu. Kuna atakayejifungua kwa upasuaji? Naomba kondo lake, kama mtaniruhusu." Akaenda la pili. Alipofika la tatu, mlinzi alikuwa ameshamshika kola, na ndugu wa wagonjwa wamemzunguka.

"Mwanamume mzima anaomba kondo la nyuma! La nini, kama si uchawi?"

"Wameshaanza kuja mchana hawa!"

Mama Povu alishuka kitandani. Mguu wake ulipiga beseni, likaenda likilia sakafuni. Akagusa ukuta, akaufuata. Aliufuata mlango, akaufuata ukuta wa baraza, wenye rangi iliyobanduka na kumkwaruza kiganja, akajigonga kwenye toroli ya dawa, akajigonga kwa mtu aliyesema "Mama, unakwenda wapi?" na hakumjibu. Nguo ya hospitali ilikuwa wazi mgongoni, hakujali. Kila alipopoteza ukuta alisimama, akasikiliza makelele, akaelekea yalipo.

Alipofika aliwasikia kwanza wakinyamaza walio nyuma, kisha walio mbele.

"Mwacheni," alisema. "Huyo mchawi ni mume wangu."

"Mama, huyu anaomba..."

"Najua anachoomba. Anaomba macho." Akainua mikono na kuyabandua yale madude ya plastiki na pamba aliyofunikwa. Hewa ilimchoma akakaribia kuanguka. Mwanamke mmoja aliguta. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni na meupe katikati, meupe ya chokaa, kope zimevimba na kushikana ncha. "Yatazameni vizuri, mimi siwezi kuwaona mkigeuza nyuso. Daktari wenu anasema utando wa kondo unaweza kuokoa moja. Kondo lenyewe mnalitupa. Mnalichoma kwenye tanuri kule nyuma pamoja na pamba chafu. Mume wangu hajaja kuiba. Amekuja kuomba, na hajui kuomba, maana hajawahi kuomba kitu maishani."

Taratibu alianza kulia. Hakuna aliyewahi kumsikia. Alilia kwa sauti ya ajabu, ya juu, kama mlango wenye bawaba kavu. Mlinzi akamwachia kola.

Mkunga mkuu alifika mbio, amekasirika hasa. Aliwafokea wote wawili: kwamba mama wa wodi yake si wa kutishwa, kwamba jambo hili lina utaratibu, kwamba sasa hakuna hata mmoja atakayekubali, wamejiharibia wenyewe. Mama Povu alisimama akisikiliza, akajua kwamba mkunga anasema kweli. Alikaa chini, palepale sakafuni kwenye wodi ya watu, akauficha uso magotini.

Muuguzi alimrudisha kitandani kwa kiti cha magurudumu. Daktari alimsafisha upya.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, kitu kizito kilikaa kwenye ukingo wa kitanda, godoro likainama.

"Usiogope," sauti ya kike ikasema, nene, ya mtu aliyezoea kuita wateja. "Mimi nauza mitumba sokoni. Kesho napasuliwa, mtoto wa tatu, wote wametokea dirishani, hakuna hata mmoja aliyepita mlangoni. Nimekuja kukuona, kwa sababu tangu mchana naona macho yako kila nikifumba yangu."

Mama Povu akageuza uso upande wa sauti.

"Nimemwambia mkunga nakubali," yule mama akasema. "Ameniuliza mara nyingi kama nimelazimishwa. Nikamwambia, mimi hata bei silazimishwi."

Nyuma yake sauti ya kizee ikapaza. "Mwanangu, nimekwambia na narudia. Kitu cha damu yetu hakikai machoni pa mtu baki. Kesho mjukuu wangu akiugua, tutamwuliza nani?"

"Mama mkwe, shikamoo naitoa na heshima yako naiweka juu kichwani," muuza mitumba akasema. "Lakini tumbo ni langu. Wale wawili wa kwanza, vilivyotoka pamoja nao vilikwenda wapi? Uliuliza? Mimi sikuuliza. Vilikwenda motoni. Mimi nauza nguo zilizovaliwa na watu nisiowajua, na wanaonunua wanapendeza. Sijaona ubaya."

Yule mzee akasonya. Hakukubali, na siku zilizofuata hakukubali pia, lakini hakusema tena.

Mama Povu alinyoosha mkono hewani, ukashikwa na mkono mpana wenye joto.

"Nikupe nini?" akauliza.

"Unipe usingizi. Nyamaza, nami nikalale."

Damu ya muuza mitumba ilichukuliwa kupimwa. Kuna majibu ambayo yangezuia kila kitu: ugonjwa wa ini, kaswende, virusi. Mama Povu alilala akiyasubiri kama mshtakiwa. Kabla ya kulala alimwambia dada yake amwite mtu aliyeko nje. Taratibu akaingia, akasimama mbali.

"Wale watu wamekufanya nini? Wamekuumiza?"

"Hapana. Shati tu."

"Sijakusamehe."

"Najua, mke wangu."

"Lakini kaa hapa ndani. Sakafu ya nje ina baridi."

Majibu yalikuja safi. Mtoto alitolewa asubuhi, wa kiume, na muda mfupi baadaye bakuli la chuma lilipelekwa chumba kingine. Huko daktari wa macho aliuosha ule utando kwa maji ya chumvi na dawa mpaka damu yote ikatoka, akautenganisha na kondo, akautandaza juu ya karatasi. Ulikuwa mwembamba kama ngozi ya ndani ya yai, ukiuinua dhidi ya taa unaona vidole vyako. Mama Povu aliambiwa hayo baadaye. Yeye alichojua ni sindano chini ya jicho, ganzi, na kulazwa akiwa macho huku anashonwa macho yote mawili. Hakuhisi maumivu ila mvuto, mvuto mdogo mdogo, wa uzi ambao daktari alisema ni mwembamba kuliko unywele.

"Usinieleze," Mama Povu alimwambia. "Shona tu."

Kitu kikatulia. Hilo ndilo alilolihisi kesho yake: kwamba maumivu yalipungua, si kwisha, kama mtu aliyekuwa akipiga kelele karibu na sikio amerudi nyuma hatua chache. Kwa mara ya kwanza tangu ajali alilala mchana bila dawa.

Lakini kuona hakuona. Utando wenyewe una ukungu, daktari alikuwa amemwonya; lakini kuonywa na kuishi ni mambo mawili. Siku zilipita nyeupe. Kisha asubuhi moja alihisi kitu kinateleza chini ya kope ya kushoto, akapapasa, kidole kikatoka na kijiuzi chenye kipande laini kilichonyauka. Alipiga yowe lililoamsha wodi nzima. Alijua kimeanguka, dawa imeanguka, ameipoteza kwa kidole chake mwenyewe. Taratibu alikimbia, alikimbia kweli, akamrudisha daktari kutoka getini. Daktari akainama na tochi yake, akatazama jicho la kushoto kwa muda, akasema, "Umeyeyuka mapema kidogo. Lakini chini yake ngozi imeota. Imefika katikati." Akahamia la kulia. Huko alitazama kidogo tu, akazima tochi.

"La kulia?"

"Pole, mama."

Chini ya utando wa jicho la kulia hakukuwa na chembe ya kutambaa. Mishipa ya damu iliingia kutoka kila upande, ikalifunika. Likabaki jeupe lenye mistari myekundu, na ndivyo lilivyo mpaka leo. Daktari alisema zipo hospitali zinazochukua chembe kutoka jicho zima na kuziotesha kwenye utando kama ule, kisha kuzipandikiza. Lakini jicho lake zima lenyewe si zima, halina cha kutoa.

La kushoto lilirudi kwa kusitasita. Kwanza dirisha, pande la mwanga. Kisha mtu akipita mbele ya dirisha. Kisha vidole vya daktari, ambavyo aliwahi kuvihesabu akakosea, akavihesabu tena akapata. Siku aliyorudishwa nyumbani aliona mlango wake ulipo, lakini hakuona kidato, akajikwaa.

Banda la sabuni liliuzwa mabati yake. Mtu mwenye macho kama yale hakaribii tena kostiki, na Taratibu aliapa haigusi. Mama Povu sasa hukaa kando ya kibanda cha baiskeli, na meza ya sabuni zilizotengenezwa na wengine. Huinusa kila mche unaoletwa, na mingi huidharau, lakini anaiuza. Kuna siku hauzi kitu wala hasemi kitu. Kuna siku humfokea mumewe mbele ya wateja kwa kosa la spana iliyoanguka, na wateja wanaojua habari hutazama chini. Macho yake yamekauka. Vile vitezi vya machozi viliungua navyo. Akilia, mabega hutikisika na uso unabaki mkavu, kisha macho huanza kumchoma, na Taratibu huacha gurudumu, hunawa grisi, huja na chupa ndogo ya matone. "Tazama juu," humwambia. Kila mwezi wananunua machozi dukani.

Muuza mitumba alipita siku moja na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Alimfungua mtoto akamweka mapajani mwa Mama Povu bila kuuliza. Mtoto akainua kichwa, akaliona lile jicho jeupe, akapiga ukelele wa kufa.

"Jamani, wewe!" mama yake akaona haya, akanyoosha mikono kumchukua. "Nisamehe, ana aibu na watu wageni."

"Mwache. Hata mimi ningelia."

Mama Povu akamsogeza karibu, karibu kabisa, upande wa kushoto, mpaka pumzi ya mtoto ikamgonga shavuni. Mtoto akalia mdomo wazi. Mama Povu akakaza jicho, akalikaza tena.

"Ana meno?"

"Mawili, ya chini. Yametoka juzijuzi tu." Muuza mitumba akainama kumtazama usoni. "Umeyaona?"

"Nimeona kitu cheupe."

Akamrudisha mtoto. Yule mama akamfunga mgongoni, akajitwika mzigo, akanunua mche mmoja bila kubishana bei, jambo ambalo si kawaida yake, akaondoka. Kanga yake ilikuwa ya njano. Mama Povu aliifuata kwa jicho lile moja mpaka ikachanganyika na watu, na haikuchukua muda, maana haoni mbali.